Mpangaji wa Chumba cha Nne

Aliyempa jina la Gramu alikuwa muuza mkate, na alimpa kwa hasira. Asubuhi hiyo fundi wetu wa mizani alisimama dukani, akatoa mfukoni mizani yake ndogo ya ndoano, akaning'iniza mkate mbele ya wateja wote, akasoma, akaurudisha. Akachukua wa pili, akaning'iniza, akaurudisha. Wa tatu akaununua, ingawa nao ulikuwa na upungufu. "Lakini huu," alisema, "umepungua kwa adabu." Muuza mkate akamwambia aende zake na gramu zake, na tangu siku hiyo mtaa mzima ukasahau jina alilopewa na wazazi wake.

Msimwone mtu mbaya. Kazi ndiyo iliyomfanya hivyo. Alizunguka madukani na sokoni akitengeneza mizani: anafungua, anapangusa kutu, anabadilisha springi iliyolegea, anayapanga mawe yake mezani kuanzia kubwa mpaka lile dogo linaloweza kupotea kwenye ukucha, na haondoki mpaka mshale usimame pale unapotakiwa kusimama. Mtu anayeshinda na mishale kutwa nzima hawezi kufika nyumbani akaamua jambo kwa kukisia. Hata kuoa alioa kwa vipimo. Muda mrefu alikuwa akienda nyumbani kwa binti msusi, anakaa, anauliza maswali, anarudi kwake kufikiri, mpaka baba wa binti uvumilivu ukamwisha.

"Kijana," alimwuliza, "wewe unaoa au vipi?"

"Napanga kuoa, mzee."

"Basi panga ukiwa umekaa nje. Hiki kiti kinahitajika."

Msusi mwenyewe alikuwa amemkubali tangu siku ya kwanza, pale mlangoni, kabla mgeni hajamaliza kujitambulisha. Alipenda jinsi alivyoishika kofia yake kwa mikono miwili. Hesabu hakupiga.

Sasa hili neno kupanga ndilo lililotuletea kisa chote, kwa hiyo tuliweke sawa mapema. Lugha yetu ina ubahili wake. Mwenye mipango anapanga, na asiye na nyumba naye anapanga. Anayefikiria kesho yake ni mpangaji, na anayegongewa mlango mwisho wa mwezi ni mpangaji vilevile. Ukimsikia mtu anasema "bado napanga" hujui umpe hongera au umpe pole. Gramu alikuwa yote mawili, na kwa kiwango cha juu.

Tatizo la mke wake lilikuwa kibaraza. Msusi hahitaji mengi: kigoda cha mteja, kiti chake, kioo, kivuli, na watu wanaopita wakaona kazi. Lakini kila nyumba waliyopanga, mwenye nyumba alianza kwa tabasamu na kumalizia kwa malalamiko. Wa kwanza alisema nywele zinaziba mfereji. Wa pili alisema wanawake wanacheka sana. Wa tatu hakusema neno, alimwaga maji kibarazani kila asubuhi, mpaka wateja wakachoka kukaa wakiwa wamenyanyua miguu. Wa nne alileta kopo la rangi akaandika ukutani HAPA SI SALUNI, kwa herufi kubwa, juu kabisa ya kichwa cha mteja aliyekuwa nusu amesukwa.

Siku hiyo msusi alimaliza kichwa kile akiwa ameuma meno. Jioni alimwambia mumewe, "Nimechoka, baba. Nataka kibaraza ambacho hakuna mtu duniani anayeweza kunifukuza hapo. Hela si tunazo?"

Walikuwa nazo. Nusu ilitoka kwenye mizani na nusu kwenye vichwa vya watu, miaka na miaka bila kugusa, na sasa ilitosha nyumba ya kiasi. Gramu alimtazama mkewe, akaona macho yake yamekuwa mekundu, na kwa kweli moyo ulimuuma. Alimpenda sana. Akasema neno zuri kuliko yote aliyokuwa nayo.

"Nitafanya utafiti."

Dalali waliyempata alikuwa kijana mwenye viatu vilivyochongoka na mdomo usio na breki. Aliwaletea nyumba moja tu, na lazima tumpe haki yake, aliwaletea nyumba nzuri. Ilikuwa ya mkunga mstaafu, mjane, mama aliyewapokea nusu ya watu wa mtaa ule walipozaliwa na ambaye bado aliwatazama watu wazima kana kwamba anakumbuka walivyolia. Vyumba sita, cha tatu akikaa mwenyewe na vitano vya wapangaji, choo safi, bomba uani, na mbele kibaraza kipana cha saruji kinachotazama barabara. Msusi alikanyaga pale mara moja, akasimama palipo na kivuli, akageuka polepole. "Kigoda hapa," alisema kwa sauti ndogo. "Kioo pale." Kwa upande wake, nyumba ilikuwa imeshanunuliwa.

"Milioni kumi na nane, mazungumzo yapo," alisema dalali.

"Mazungumzo baadaye," alisema Gramu. "Kwanza vipimo."

Mwanzo alifanya yale ambayo mtu yeyote mwenye akili angefanya, na hapo sina neno naye. Alikwenda ofisi ya ardhi kuhakikisha hati ni ya mkunga kweli. Alikwenda mara ya pili kuhakikisha kwamba ofisi ile ni ofisi ya ardhi kweli. Aliuliza kodi ya nyumba za jirani. Akapiga hesabu: vyumba sita kwa elfu hamsini, mwaka mzima ni milioni tatu na laki sita. Toa sehemu ya kumi kwa siku ambazo chumba kitakaa kitupu, toa matengenezo, toa kodi ya serikali, zinabaki milioni mbili na laki saba. Nyumba inajirudishia fedha yake katika miaka sita na miezi minane. Hesabu safi. Mwingine angesaini hapohapo.

Gramu alikuja na mizani. Aliweka ndoo juu yake chini ya bomba, akafungua maji, akakaa kwenye jiwe akisoma mshale, huku wapangaji wamejipanga na ndoo zao nyuma yake wakiuliza kama huyu ametoka kwenye kampuni ya maji au hospitali. Alikwangua ukuta akapima vumbi lake. Kisha akafikiria jambo ambalo hakuna kitabu kilichowahi kulifikiria: alianza kupima takataka za wapangaji.

"Fundi, nakuomba," alisema dalali, akiangalia huku na huku kwa aibu. "Takataka za watu unazipimia nini?"

"Mpangaji anayetupa maganda mazito ni mpangaji anayekula. Anayekula ana hela. Mwenye hela analipa kodi." Gramu aliinua mfuko wa chumba cha kwanza kwa ndoano, akakunja uso. "Huyu ana matatizo."

"Huyu amesafiri!"

"Ndiyo hayo matatizo."

Wapangaji walianza kuficha takataka zao. Mmoja, fundi viatu wa chumba cha sita, alipoelewa kinachoendelea alianza kutia mawe kwenye mfuko wake ili aonekane mtu wa maana, na Gramu akaandika kwamba chumba cha sita kina mlaji mkubwa. Dalali alivumilia wiki, akavumilia mwezi. Siku aliyomkuta Gramu amelala chali uani akisikiliza ardhi, maji yalimfika shingoni.

"Sikiliza, bosi wangu. Kama huniamini mimi, humwamini mkunga, wala huiamini hati, basi chumba cha nne kimekuwa wazi. Ingia ukae humo mwenyewe uone!"

Alisema kwa hasira, kama mtu anavyomwambia mwenzake akajitupe mtoni. Gramu aliinuka, akajipangusa vumbi, na uso wake ukang'aa.

Mazungumzo yake na mkunga nimeyasikia kwa watu waliokuwepo, na wote wanayasimulia sawa.

"Nataka kupanga chumba cha nne, mama."

"Kupanga? Mwanangu, mimi nilijua unanunua."

"Ndiyo. Napanga ili ninunue."

"Unapanga kununua, au unapanga chumba?"

"Vyote, mama. Napanga huku napanga."

Mkunga alifungua fundo la kanga yake. "Mama yako alichelewa kukuzaa," alisema. "Nakumbuka vizuri sana. Tulikusubiri mpaka tukachoka." Akampa ufunguo.

Wakahamia. Na hapa ndipo mambo yalipoanza kwenda arijojo, maana msusi aliweka kigoda chake palepale alipokuwa amepaonyesha, kioo chake palepale, na mkunga hakunung'unika hata kidogo. Alileta kiti chake akakaa karibu, akawa anawasimulia wateja habari za mama zao. Watu wakajaa. Waliokuja kusukwa walikuja na wadogo zao, waliokuja na wadogo zao walikuja na njaa, muuza matunda akasogeza meza yake, na barabara iliyokuwa imelala ikaamka. Msusi alirudisha wateja aliowapoteza kwa wenye nyumba wote wanne. Alicheka mpaka sauti ilimkauka. Kila jioni alimwuliza mumewe swali moja tu.

"Tumenunua?"

"Karibu. Bado kidogo."

Hesabu zake aliziandika kwa chaki upande wa ndani wa mlango wa chumba chao, kwa sababu mlango, alisema, hauwezi kupotea kama karatasi. Kila alichokigundua kilipata mstari wake: bomba, ukuta, choo, paa, chumba kwa chumba. Mlango ulipokuwa wazi ulionekana mlango wa kawaida. Ukiufunga, ulikuwa umefungiwa darasani.

Nyumba ilipochangamka dalali naye akachangamka. "Bei imepanda kidogo, fundi. Kumi na nane na nusu. Unaona mwenyewe palivyo na uhai."

"Uhai huo ni mke wangu!" Gramu alifoka. "Unataka kuniuzia kelele za mke wangu?"

"Basi ungenunua kabla hajapiga kelele."

Nusu milioni hiyo walikuwa nayo, ilibaki hata ya rangi. Lakini ilimlazimu aanze hesabu upya, na katika kuanza upya ndipo alipogundua jambo lililomtoa jasho. Alimwita mkewe ndani, akafunga mlango, akamwonyesha kwa kidole.

"Tazama. Nimewapima wapangaji wote watano. Cha kwanza hulipa akikumbuka. Cha pili hulipa nusu nusu. Cha tano lazima umvizie. Cha sita anakula sana lakini halipi, sielewi kwa nini. Mpangaji wa kuaminika katika nyumba hii ni mmoja tu, wa chumba cha nne. Analipa kabla ya tarehe. Hajawahi kuvunja kitu. Nyumba hii inasimama juu ya mtu huyo."

"Chumba cha nne ni sisi."

"Ndiyo! Sasa tukinunua, mtu huyo anaacha kulipa." Alichora mstari chini ya tarakimu. "Laki sita kwa mwaka, zimekwenda. Kutoka miaka sita na miezi minane tunaruka kupita miaka minane. Tunamlipa mkunga pesa zetu zote, halafu siku hiyohiyo tunampoteza mpangaji bora kuliko wote."

Msusi alikaa kitandani. Kichana alichokuwa ameshika kilibaki hewani.

"Lakini baba, si na sisi tutakuwa hatulipi kodi tena? Hizo laki sita si zitabaki kwetu?"

"Hiyo ni hesabu ya familia. Hii ni hesabu ya nyumba. Usizichanganye."

"Mwenye hela si ni huyo huyo?"

"Ndiyo maana nasema usizichanganye."

Alihangaika na jambo hilo kama mtu mwenye jino bovu. Alifikiria aendelee kujilipa kodi mwenyewe baada ya kununua, kisha akaona hataweza, maana kama mwenye nyumba alitaka kupandisha na kama mpangaji alikataa kata kata. Kulikuwa na kitasa kilicholegea katika chumba cha nne. Kama mpangaji kilimkera sana. Kama mnunuzi mtarajiwa aliona ni gharama isiyo ya lazima. Siku moja msusi alimkuta anabishana peke yake mbele ya kitasa, na ubishi wenyewe ulikuwa umepamba moto. Akafunga mlango taratibu, akarudi kwa mteja wake. Alicheka, lakini siku hiyo ilikuwa mara ya kwanza kucheka kwake kusitoke moyoni.

Kisha binti wa mkunga, aliyeolewa mbali, akapeleka habari kwamba ni mjamzito. Mkunga alikuja kibarazani na kanga yake begani, akakaa mbele ya Gramu aliyekuwa akisafisha mawe yake.

"Mwanangu. Watoto wa watu nimewapokea wote. Huyu wa damu yangu sitaki apokelewe na mtu mwingine. Mwisho wa mwezi naondoka, na nyumba lazima iwe imeuzwa. Nakupenda, na mkeo nampenda zaidi. Nichukulie kwa ile bei ya kwanza. Kumi na nane. Sema ndiyo, nikalale."

Msusi alikuwa nyuma yao, vidole vyake kwenye kichwa cha mtu. Viliacha kusuka. Mteja hakugeuka lakini naye aliacha kupumua.

Gramu alikitazama kibaraza, akatazama juu.

"Paa," alisema.

"Paa lina nini?"

"Sijalipima. Mvua haijanyesha tangu tuhamie. Mama, ngoja inyeshe mara moja tu. Nikishaona halivuji, nasaini siku hiyohiyo."

"Na isiponyesha?"

Hilo Gramu hakuwa amelipigia hesabu.

Mkunga aliinuka akaondoka. Msusi alirudia kusuka, na yule mteja anasema mpaka leo hakuwahi kusukwa nywele zikakazwa namna ile; kwa siku mbili hakuweza kufumba macho.

Wiki mbili zilizofuata jua liliwaka kama limelipwa. Gramu alitoka kila asubuhi kutazama mawingu. Alipanga ndoo na sufuria chini ya kila sehemu aliyoishuku, akasubiri. Badala ya mvua akaja muuza matairi.

Alikuwa mtu mnene, mpole, mwenye mikono myeusi kwa mpira, na maneno yake yalihesabika. Alifika na dalali mchana, akazunguka nyumba mara moja. Akaona mizani uani.

"Yule nani?" alimwuliza mkunga.

"Yule? Yule anapanga," alisema mkunga, na mimi naamini alisema kwa uchungu, akiwa na maana ya kupanga kule kusikoisha. Muuza matairi alisikia kupanga kwingine, kupanga kwa kodi. Mtu wa kumwuliza kuhusu nyumba, akafikiri, ni mpangaji wake. Akamwendea Gramu moja kwa moja.

"Samahani, kaka. Nyumba hii ikoje?"

Maisha yake yote Gramu alikuwa amewafuata watu na vipimo vyake, wakimkimbia. Mke wake alisikiliza kwa upendo, dalali kwa kulipwa. Hakuna aliyewahi kumwuliza. Kichwa kilimvimba, moyo ukamruka kwa furaha, akamshika yule mtu mkono, akamwingiza chumba cha nne, akamketisha kitandani, akafunga mlango.

Alimweleza vyote. Alimpitisha kwenye bomba, akamhakikishia hati, akamwonyesha ni mpangaji gani wa kuvizia na yupi wa kubembeleza, na pale alipoona mgeni hajaelewa alirudia kwa chaki. Muuza matairi aliitikia kwa kichwa, akauliza swali hapa na pale, maswali mazuri, na Gramu akamjibu kwa raha kama mwalimu aliyempata mwanafunzi mmoja baada ya miaka thelathini.

"Kwa hiyo ni nyumba nzuri?" aliuliza muuza matairi.

"Nzuri? Kaka, kwa bei hii, mji mzima hakuna nyingine. Nimepima."

"Na huu mstari uliozungushiwa duara?"

"Aa, huo ni upotevu. Nyumba yenyewe inautupa. Lakini unarekebishika kirahisi."

Muuza matairi alisoma mstari ule mara mbili. Akaguna. Akashukuru kwa heshima zote, akatoka, akamkuta mkunga na dalali kibarazani. Jua halijazama alikuwa amelipa, mashahidi wamesaini, na mkunga anafunga mizigo huku akimkwepa msusi kwa macho.

Gramu aliambiwa na dalali. Hakuamini. Alitoka mpaka barabarani, akarudi.

"Lakini mimi nilikuwa napanga!"

"Utaendelea kupanga, fundi," alisema dalali, na kwa mara ya kwanza alionekana kumwonea huruma. "Hakuna anayekufukuza."

Siku ya pili yake mvua ikanyesha. Ilinyesha kwa fujo, ikapiga bati mpaka watu wakaongea kwa ishara. Gramu alikimbia kutoka ndoo hadi ndoo, sufuria hadi sufuria. Kavu. Zote kavu. Halikuvuja tone. Alisimama katikati ya chumba na sufuria kavu mkononi, na Mungu amsamehe, kwa dakika moja alifurahi kwamba nyumba imefaulu.

Mwisho wa mwezi mwenye nyumba mpya alikuja kukusanya kodi. Alianza na chumba cha nne, akalipwa kabla hajamaliza salamu. Halafu akamgeukia msusi kwa upole uleule.

"Dada, kuna na hii ya kibaraza. Elfu thelathini kwa mwezi."

"Ya kibaraza?" msusi alisimama. "Kibaraza hiki hakijawahi kulipiwa. Mkunga mwenyewe alinikalisha hapa."

"Najua. Ulikuwa upotevu. Ukishindwa, si ugomvi, kuna mtu anataka kuweka kibanda cha simu." Alikuna shavu kwa kidole cheusi. "Sikukutungia, dada. Hesabu ni ya mumeo."

Msusi aliweka kichana chini. Aliingia chumbani, akaufunga mlango nyuma yake, akausoma kuanzia juu. Bomba. Ukuta. Choo. Chini kidogo ya kitasa kilicholegea alikuta mstari uliozungushiwa duara, kwa mwandiko ule mzuri wa mumewe: *Kibaraza. Wateja watano kwa siku. Kinafaa elfu thelathini. Sasa hivi: sifuri. Hasara.*

Alimwita. Gramu aliingia, akafuata kidole chake. Uso ulimshuka. Alijua amefanya nini, na aibu ilimpanda kutoka miguuni. Alitafuta neno la kumwambia mkewe, neno lolote la maana, na akiwa anatafuta, macho yake yakapita juu ya zile tarakimu kwa mazoea ya miaka.

"Hesabu," alisema, "ni sahihi."

Msusi alikunja nguo chache, akatoa kioo msumarini.

"Gramu, nimepanga."

"Umepanga nini?"

"Chumba. Kule nyuma ya kituo cha mafuta. Kina kibaraza kidogo. Nimekitazama mara moja, nikalipa." Akatoka na kigoda chake kichwani, wateja wawili nyuma yake wamebeba viti, mmoja amesukwa upande mmoja tu.

Gramu alibaki na mlango. Alijaribu kupiga hesabu za kuishi peke yake na zilitoka vizuri mno: chakula nusu, maji nusu, sabuni theluthi. Kila tarakimu ilikuwa faida. Hakuwahi kuona hesabu nzuri kama hiyo, na aliketi mbele yake akalia kama mtoto. Kisha akalowesha kitambaa, akaufuta mlango wote, juu mpaka chini, akamrudishia muuza matairi ufunguo. Mwenye nyumba alisikitika sana. Alimwambia anampoteza mpangaji bora.

Alimkuta msusi kibarazani, anasuka. Kilikuwa kibaraza chembamba, mtu akinyoosha miguu anafika barabarani. Gramu alisimama na begi lake la mizani, akavua kofia, akaishika kwa mikono miwili.

"Nimekuja," alisema. "Naomba nihamie."

Msusi hakuinua macho. Vidole vyake viliendelea na kazi.

"Unakula kiasi gani?"

"Kawaida."

"Takataka zako nzito?"

Mteja alianza kutikisika mabega kwa kicheko. Gramu hakucheka. "Sijui," alisema. "Sijawahi kuzipima zangu."

Hapo vidole vilisimama. Msusi alimtazama, akaitazama ile kofia, na kitu kikalegea usoni mwake, lakini hakukiachia.

"Mara ya kwanza nilikukubali mlangoni, bila hesabu yoyote," alisema. "Safari hii acha kwanza nipange. Kaa hapo."

Alimwonyesha kigoda kingine pembeni. Gramu alikaa. Kilikuwa kimelegea mguu mmoja na kilimwinamisha upande wa kushoto, akakiacha hivyohivyo. Aliweka kofia magotini akasubiri, na kichwa cha mteja kilikuwa bado na nywele nyingi za kusuka.